Chanjo Iliyolemaza Iliaminiwa, Isiyodhuru Ikakimbiwa

Tarehe 12 Aprili 1955 kengele za makanisa zililia Marekani. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kimetangaza matokeo ya jaribio lililohusisha watoto wapatao milioni 1.8: chanjo ya polio ya Jonas Salk inazuia ugonjwa. Leseni ilitoka siku hiyohiyo na katoni zikaanza kusafirishwa. Wiki mbili hazijaisha vizuri, taarifa za kutisha zikaanza kuingia serikalini. Watoto waliochanjwa walikuwa wanapooza, na mara nyingi kiungo kilichotangulia kulegea kilikuwa mkono uleule uliochomwa sindano.

Kiwanda kimoja cha California, Cutter, kilikuwa kimetoa dozi zenye virusi hai, ilhali vilitakiwa viwe vimeuawa kwa kemikali ya formalini. Watu wapatao 200 walipooza, wakiwemo ndugu na majirani walioambukizwa na watoto waliochanjwa. Kumi walifariki. Huo haukuwa uvumi wa mitaani. Chanjo ilileta ugonjwa uleule iliotengenezwa kuuzuia.

Sasa turuke miaka 43. Februari 1998 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake iliyozungumzia watoto 12 tu, na katika kuitangaza Wakefield akaitilia shaka chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, akiihusisha na usonji. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo, na kwamba taarifa za watoto wale zilipotoshwa. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala, naye akafutwa kwenye daftari la madaktari. Watafiti wa Denmark waliofuatilia zaidi ya watoto 650,000 na kutoa matokeo yao mwaka 2019 hawakukuta uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Tazama kilichofuata kila upande. Wamarekani, ambao chanjo yao ililemaza watoto kweli, walirudi kwenye foleni. Nchi iliyohesabu wagonjwa wa polio wapatao 58,000 mwaka 1952 ilibaki na wasiofika 100 mwaka 1965. Waingereza, ambao chanjo yao haikuleta usonji kwa mtoto yeyote, waliikimbia: kiwango cha uchanjaji England kilishuka kutoka asilimia 92 hivi hadi karibu 80 mwaka 2003, na kufikia 2008 surua ilihesabiwa tena kuwa ugonjwa uliojikita nchini humo.

Kama imani ya watu ingekuwa inafuata ukubwa wa madhara, mambo yangekwenda kinyume kabisa.

Jibu la haraka ni woga. Mzazi wa 1955 alikuwa ameona watoto wamelazwa ndani ya mashine za chuma za kupumulia. Mzazi wa 1998 pengine hakuwahi kuona surua ikiua. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Woga wa ugonjwa ungeweza pia kuwafanya watu waseme basi, hatuwapi tena watoto wetu kitu kinacholeta polio. Kilichowazuia ni kile walichoona serikali ikifanya. Tarehe 27 Aprili dozi za Cutter ziliondolewa. Tarehe 7 Mei mpango mzima ulisimamishwa, viwanda vyote, ili kila kimoja kikaguliwe. Kitengo maalumu kikaundwa cha kuhesabu wagonjwa na kusambaza hesabu hizo, huku jina la kiwanda likitajwa waziwazi. Waziri wa afya na mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa afya waliondoka ofisini mwaka huohuo, ingawa waziri alitaja sababu za kifamilia. Mzazi aliyekuwa akifuatilia magazeti aliona kosa limetokea, limetajwa, limehesabiwa, na kuna waliolibeba.

Waingereza nao walikuwa wameona nini kabla ya 1998? Waliona nyama. Mwaka 1990, hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ilipopamba moto, waziri wa kilimo alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo baga ya nyama ya ng'ombe, kuwathibitishia wananchi kwamba haina neno. Machi 1996 serikali ileile ikalieleza Bunge kwamba ugonjwa mpya wa ubongo unaoua vijana huenda unatokana na nyama hiyo. Haijapita miaka miwili, Wakefield akaibuka, na wizara ya afya ikasimama na kusema: tuaminini, chanjo ni salama. Safari hii ilikuwa inasema kweli, lakini ilisema kwa sauti ileile. Desemba 2001 waandishi wakamuuliza Waziri Mkuu Tony Blair kama mwanawe mchanga amechanjwa. Akakataa kujibu, akidai ni faragha ya familia. Miaka kadhaa baadaye mkewe alithibitisha kwamba mtoto alikuwa amechanjwa. Sijui kama kuna kimya kilichoigharimu chanjo hiyo kuliko kile.

Deni lilikopwa na nyama, likalipwa na chanjo. Ukiipitia historia ya uchanjaji kwa jicho hilo, utaona jambo hilo likijirudia kila bara. Watu huipima chanjo kwa rekodi ya anayeileta, na mara nyingi rekodi hiyo iliandikwa kwenye mambo yasiyohusu chanjo hata kidogo.

Hali ilikuwa hivyo kabla hata chanjo yenyewe haijabuniwa. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Mhubiri Cotton Mather alikuwa amesikia kutoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, kwamba kwao watu huchanjwa kwa usaha wa mgonjwa wa ndui, wakaugua kidogo, na wasishikwe tena maisha yao yote. Mather akawauliza Waafrika wengine mjini, kila mmoja kwa wakati wake, wakamwambia hayohayo. Akawaandikia madaktari. Ni mmoja tu aliyekubali kujaribu, Zabdiel Boylston, aliyeanza na mwanawe wa miaka sita na watumwa wake wawili, ambao bila shaka hawakuulizwa.

Mji ukawaka. Hoja ya kidini ilikuwepo, kwamba huku ni kumwingilia Mungu. Hoja ya kitabibu ilikuwepo pia, tena nzito: unampa ugonjwa mtu mzima wa afya, na anaweza kuwaambukiza wengine. Lakini daktari William Douglass, aliyewaongoza wapinzani, alitumia wino mwingi kukejeli chanzo cha habari. Ushahidi wa watumwa, kwake, haukuwa ushahidi. Novemba mtu alirusha bomu dirishani kwa Mather, likiwa na karatasi ya matusi iliyofungwa kwa uzi; utambi ukachomoka, halikulipuka. Hesabu zilipokuja, zilionyesha kwamba kati ya watu karibu 6,000 waliougua ndui ya kawaida, 844 walikufa, yaani mmoja katika kila saba. Kati ya 240 na ushei waliochanjwa na Boylston, walikufa sita. Maarifa yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Ila yalitoka kwenye kinywa ambacho mji ule haukuwa umezoea kukisikiliza.

Edward Jenner hahitaji kurudiwa sana. Mei 1796, katika kijiji cha Berkeley, alichukua majimaji ya ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa mkamua maziwa, akamchanja James Phipps, mvulana wa miaka minane, mtoto wa mtunza bustani. Mbinu hiyo ilikuwa salama kuliko ile ya Onesimus, nayo ikaenea haraka. Kinachonivutia mimi ni kilichotokea serikali ilipoigeuza kuwa amri.

Sheria ya Uingereza ya 1853 ilimlazimu kila mzazi kumchanja mtoto wake ndani ya miezi mitatu ya kuzaliwa. Ikakazwa mwaka 1867, ikakazwa tena 1871. Tajiri alimwita daktari wake nyumbani. Maskini alikwenda kwenye kituo kilichosimamiwa na mamlaka zilezile zilizosimamia nyumba za mafukara, mahali ambapo kukanyaga tu ni fedheha. Baada ya siku nane alitakiwa kumrudisha mtoto, safari hii ili kidonda chake kikamuliwe majimaji ya kuwachanja wengine. Uchanjaji huo wa mkono kwa mkono uliweza kupitisha kaswende, na ulipitisha: huko Rivalta, Italia, mwaka 1861, makumi ya watoto waliambukizwa kwa njia hiyo. Mzazi aliyegoma alipigwa faini. Asipokuwa nayo, vyombo vyake vya ndani vilinadiwa au akatupwa jela, na mtoto wa pili akizaliwa mambo yanaanza upya.

Machi 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana mjini Leicester wakiwa na jeneza la mtoto na sanamu ya Jenner ya kunyongwa. Walikosea kuhusu mambo mengi. Kuhusu majimaji machafu hawakukosea, wala kuhusu faini zilizomwangukia maskini peke yake. Serikali iliunda tume iliyochukua miaka saba kumaliza kazi, na mwaka 1898 sheria ikabadilishwa: uchanjaji wa mkono kwa mkono ukapigwa marufuku, na mzazi mwenye pingamizi la dhamiri akaruhusiwa kuomba cheti cha kusamehewa. Vyeti zaidi ya 200,000 vilitolewa kabla mwaka huo haujaisha. Na hapa pana jambo ambalo wapenda amri hawalipendi: Leicester, mji uliogoma, ulijenga utaratibu wa kutoa taarifa haraka, kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliokutana nao, na ndui haikuufagia kama ilivyotabiriwa. Karne iliyofuata, Shirika la Afya Duniani lilipoitokomeza ndui, lilitumia utaratibu wa jinsi hiyo, likiongeza chanjo kwa wote waliomzunguka mgonjwa.

Rio de Janeiro, Brazil, ilijifunza somo hilo kwa damu. Novemba 1904, sheria ya kuwachanja watu kwa lazima, iliyosukumwa na mkuu wa afya ya umma, Oswaldo Cruz, ilikuja wakati serikali ikibomoa makazi ya maskini kupanua barabara. Mji uliasi, watu wakauawa, sheria ikasitishwa. Miaka minne baadaye ndui iliua maelfu ya watu mjini humo.

Kuna kisa kingine ambacho hakisimuliwi vya kutosha, nacho kinahusu chupa moja. Waldemar Haffkine, Myahudi aliyezaliwa Odessa, alitengeneza chanjo ya tauni mjini Bombay na Januari 1897 akajichoma mwenyewe kwanza. Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal huko Punjab, watu 107 walichanjwa kutoka kwenye chupa kadhaa. Kumi na tisa waliotumia chupa iliyoandikwa 53N walikufa kwa pepopunda. Wale wa chupa nyingine hawakupata kitu. Serikali ya kikoloni ilimwondoa Haffkine kwenye maabara yake, hoja ikiwa kwamba alibadilisha namna ya kuitengeneza dawa na kwa hiyo uchafu uliingilia huko. Lakini kulikuwa na maelezo mengine, madogo na ya kawaida kabisa: msaidizi aliyefungua chupa ile kijijini aliangusha koleo chini, akalisuuza harakaharaka, akaendelea nalo kuvuta kizibo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo. Ilichukua hadi 1907, baada ya wanasayansi wakiongozwa na Ronald Ross kuandika magazetini, ndipo Haffkine akasafishwa jina.

Miaka mitano kwa koleo lililoanguka. Katika muda huo hakuna mwanakijiji wa Punjab aliyepewa jibu la maana kuhusu nini kiliwaua wale 19. Utawala ulimtafuta wa kumlaumu, ukampata, ukafunga faili. Linganisha na siku kumi za mwaka 1955.

Sasa Kano. Mwaka 1996 kaskazini mwa Nigeria kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ilikwenda Kano kujaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto 200: nusu wakapewa Trovan, nusu dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Kumi na moja walikufa, watano upande wa Trovan na sita upande wa pili, na wengine walibaki na ulemavu. Kampuni ilisisitiza kwamba ugonjwa ndio ulioua. Familia zilisema hazikuwahi kuambiwa kwamba watoto wao wamo kwenye majaribio. Habari hiyo ilipofichuliwa na gazeti la Washington Post mwishoni mwa mwaka 2000, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kumalizana na jimbo la Kano.

Katikati ya sakata hilo, mwaka 2003, wakaja watu wa polio. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakiwa na visanduku vya barafu, matone ya bure na fedha za wageni, katika mji ambao hospitali zake mara nyingi zilikosa hata dawa za malaria. Mzazi akajiuliza swali la akili timamu: mbona hawa wananihangaikia kwa ugonjwa ambao sijauombea msaada, na ule ninaouombea hawauoni? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Viongozi wa dini na hata madaktari wakasema matone yana dawa ya kuwafanya wasichana wawe tasa, na majimbo kadhaa yakasimamisha kampeni. Kano ilirudi katikati ya 2004, baada ya kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Wakati huo kirusi kilikuwa kimeshaondoka zake. Kilisambaa karibu nchi 20, na mwaka 2005 kikafika Indonesia kwenyewe.

Kilichoirudisha imani kaskazini mwa Nigeria kilikuwa kazi ya polepole isiyo na picha nzuri za gazetini. Watawala wa jadi walishirikishwa badala ya kuarifiwa. Wanawake wa mtaa huohuo waliajiriwa kuingia nyumba ambazo mgeni mwanamume haingii. Timu za chanjo zikaanza kubeba pia dawa za magonjwa ambayo watu wenyewe waliyalalamikia. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya kirusi pori cha polio, na Nigeria ilikuwa nchi ya mwisho.

Pakistan haijafika huko, na mchango wa shirika la kijasusi la Marekani katika hilo haufichiki. Mwaka 2011 CIA ilimtumia daktari mmoja kuendesha kampeni ya bandia ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, lengo likiwa kupata vinasaba vya watu waliokuwa kwenye nyumba ya Osama bin Laden. Habari ilipovuja, wanamgambo wa Waziristan walipiga marufuku chanjo ya polio, na kuanzia Desemba 2012 wachanjaji, wengi wao wanawake wanaolipwa ujira mdogo, wakaanza kupigwa risasi. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani iliahidi kwamba CIA haitatumia tena kampeni za chanjo kama kificho. Kwa miongo mingi watu wa afya walikuwa wakiwaambia wanavijiji kwamba madai ya ujasusi ni porojo. Mara hiyo hayakuwa porojo.

Uvumi unaodumu una kawaida ya kuwa na punje ya kweli ndani yake. Kenya, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa umri wa kuzaa imetiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili kuharibu mimba. Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilikanusha, na chanjo ile ilikuwa chanjo ya kawaida ya pepopunda. Lakini ni kweli pia kwamba watafiti, hasa India, walikuwa wamejaribu chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha hCG na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa, na matokeo yao yalichapishwa wazi mwaka 1994. Mtu akiutafuta utafiti huo anaupata. Na swali lililomsumbua kila mama, kwa nini wanawake tu, lina jibu rahisi mno: mama aliyechanjwa humpa kinga mtoto aliye tumboni, na pepopunda ya watoto wachanga, inayoingilia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, huua vibaya sana. Ukishalisema hilo kwa sentensi moja, hofu hupungua. Mabango mengi ya kampeni hayana nafasi ya sentensi hiyo, ila yana nafasi ya nembo tano za wafadhili.

Mpaka hapa msomaji makini atanipinga. Atasema: unahubiri uwazi, lakini uwazi wenyewe umeua imani mara ngapi? Ana hoja, na mfano wake mkubwa ni Ufilipino. Mwaka 2016 serikali ya huko ilianza kuwachanja wanafunzi dhidi ya dengi kwa chanjo ya Dengvaxia ya kampuni ya Sanofi. Dengi ina tabia ya ajabu: mara nyingi maambukizi ya pili ndiyo huwa makali kuliko ya kwanza. Novemba 2017, watoto zaidi ya 800,000 wakiwa wameshachanjwa, Sanofi ilitangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, chanjo inaweza kufanya kazi ya maambukizi ya kwanza, na akija kuumwa baadaye ataumwa zaidi. Nchi ililipuka. Vifo vya watoto vya kila namna vikabandikwa jina la Dengvaxia, vikao vya uchunguzi vikarushwa kwenye televisheni, na wazazi wakakimbia hata chanjo ya surua, ambayo haikuwa na hatia yoyote. Mwaka 2019 surua iliua mamia, na polio ikarudi nchini humo baada ya karibu miongo miwili.

Ila tusichanganye uwazi na kukiri ukiwa umechelewa. Wapo wanasayansi waliotahadharisha juu ya hatari hiyo kabla ya kampeni kuanza. Mzazi wa Manila hakukasirika kwa sababu aliambiwa ukweli. Alikasirika kwa sababu aliambiwa mtoto akiwa ameshachomwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeumbuliwa alikuwa mzazi.

Japani inaonyesha sura nyingine. Aprili 2013 iliingiza chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi kwenye ratiba ya taifa. Wasichana wachache wakaonekana kwenye televisheni wakitetemeka na kulalamikia maumivu, na mwezi Juni serikali ikatoa tamko la ajabu: chanjo ipo, ni bure, lakini hatuwahimizi mwende. Kiwango cha zaidi ya asilimia 70 kikaanguka chini ya asilimia moja. Uchunguzi haukuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyoleta dalili zile, lakini tamko halikubadilishwa hadi 2022. Denmark ilikutwa na dhoruba kama hiyo baada ya kipindi cha televisheni mwaka 2015. Yenyewe ilijibu tofauti: mamlaka ya afya, chama cha madaktari na shirika la saratani wakaungana mwaka 2017, wakajibu akina mama swali kwa swali, hata mtandaoni usiku, na wasichana wakarudi. Nchi hiyohiyo mwaka 2021 iliiacha kabisa chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya visa adimu vya damu kuganda, ikaeleza sababu kwa takwimu, na watu wakaendelea kujitokeza kwa chanjo nyingine za UVIKO-19. Kusita bila kueleza ndiko kulikoiponza Japani.

Sitaki kumfanya kila anayekwepa chanjo kuwa mtu mwenye hoja za kihistoria. Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa wa ndui lilifika likitafuta mtu wa kulielekeza njia. Akapanda kuwaongoza, safari ya dakika chache tu. Siku kumi baadaye akashikwa na homa. Kwanza wakadhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Alikuwa hajachanjwa, pamoja na kwamba alikuwa mfanyakazi wa hospitali katikati ya kampeni kubwa kuliko zote, na sababu aliyoitoa baadaye haikuwa dini wala siasa: aliona sindano inauma. Zaidi ya watu 50,000 walichanjwa mjini humo ndani ya wiki chache ili kuzima cheche yake, na ikazimika. Maalin alipona. Polio iliposumbua Somalia, alijiunga na wahamasishaji, akizunguka na kuwaambia wazazi kwamba yeye ndiye aliyekwepa na ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyo. Wataalamu wengi wenye shahada hawakuwa na sifa aliyokuwa nayo: alikuwa amekosea hadharani, na kila mtu alilijua kosa lake.

Taasisi zinaona taabu kufanya alichofanya mpishi yule, na mahali pepesi pa kulipima hilo ni kwenye fidia. Chanjo salama kabisa, ikipewa mamilioni, itamdhuru mmoja. Hakuna daktari mkweli anayekataa. Serikali inapowaomba watu wote wabebe hatari hiyo ndogo kwa ajili ya wote, haki inataka yule mmoja naye abebwe na wote, bila kulazimika kuthibitisha mahakamani nani alizembea. Uingereza ilipitisha sheria ya malipo hayo mwaka 1979, baada ya hofu juu ya chanjo ya kifaduro kuangusha uchanjaji kutoka karibu asilimia 80 hadi 30 hivi na kifaduro kurudi kwa kishindo. Marekani ilipitisha yake mwaka 1986. Maofisa wengi huogopa kwamba mfuko wa fidia ni tangazo la hatari. Mimi naona kinyume: mfuko unamwambia mzazi kwamba jambo hilo limefikiriwa, lina dirisha lake, na hataachwa peke yake akihangaika na mtoto anayedegedeka.

Mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, mpango wa kimataifa wa COVAX uliweka fidia ya aina hiyo kwa nchi na maeneo 92 ya kipato cha chini na cha kati, kwa chanjo za UVIKO-19 zilizosambazwa na mpango huo. Ulikuwa wa muda, na wa ugonjwa mmoja. Kwa chanjo ya surua, polio au pepopunda, zile ambazo watoto wanachomwa kila wiki, mzazi katika nchi nyingi za Afrika akipatwa na tatizo bado hana mahali pa kupeleka karatasi zake.